Ile "m" ya "kumpiga"

Wenzangu wa jarida hili huchambua mashairi na riwaya. Leo naomba ruhusa nichambue hotuba, maana nayo ni kazi ya lugha, tena iliyopeleka watu vitani.

Ni ile ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, siku moja baada ya Idi Amin kutangaza kuwa ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Kila mtu anaijua kwa mambo matatu: sababu, uwezo, nia. Tumeyakariri kama jedwali la kuzidisha. Hebu safari hii tusikilize.

Sababu haina ubishi. Tulivamiwa, raia wakauawa, ng'ombe wakasombwa. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kujitetea. Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema hivyo. Sina la kuongeza.

Kilichoninasa ni neno "kumpiga". Mwalimu hakusema kuipiga Uganda, wala kuwapiga Waganda. Kumpiga: mtu mmoja, yule aliyemwita nduli. Herufi moja tu inamtenga mtawala na raia zake. Jamani, Kiswahili!

Mjomba wangu alikuwa askari katika vita hivyo. Nilimuuliza habari za Masaka, mji ulioangukia mikononi mwa jeshi letu Februari 1979, majengo yake mengi yakabomolewa kulipiza yale ya Kagera. Nikamwambia, mjomba, huko ile "m" ilikuwa wapi? Alikaa kimya kidogo.

"Sisi tulishaona maiti za Kagera, mjomba. Hotuba niliisikia redioni. Masaka sikuikumbuka."

Sasa tazama jambo jingine. Hotuba haisemi tutasimama wapi. Angesema "tutamtoa", tungeishia mpakani. Lakini ukishasema "tutampiga", huna budi umfuate aliko, na Amin alikuwa Kampala. Herufi ileile iliyowatenga Waganda na ugomvi ndiyo iliyotufikisha katika mji wao mkuu tarehe 11 Aprili 1979.

Baadaye Mwalimu alieleza kuwa vita vilikuwa viwili: Watanzania kumtoa Amin Kagera, na Waganda kumpindua. Maelezo mazuri, ila mimi hayaniridhishi. Mzigo mkubwa wa hivyo vita vya pili waliubeba askari wetu, bwana, wala si siri.

Julai 1979, kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Nimeiri na Obasanjo waliilaumu Tanzania: Mkataba wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Haya. Ni OAU hiyohiyo iliyompa Amin uenyekiti mwaka 1975, wakati Waganda wakiuawa na serikali yao! Mwalimu aligoma kwenda Kampala mwaka ule. Kwa hiyo sababu ya pili alikuwa nayo zamani, na kwa maoni yangu ilikuwa nzito kuliko ya ardhi. Kosa la hotuba ni kuificha. Sheria za wakati ule ziliruhusu kujitetea tu, basi uhai wa Waganda ukakosa sentensi yake.

Vita vile nadhani vilikuwa vya haki, hata baada ya kuvuka mpaka. Ila nasema hivyo kwa sababu ambayo hotuba haikuitaja, na hilo linanikera kila ninapoisikiliza.

Amin mwenyewe hakupigwa. Alikimbia, akafia Jeddah mwaka 2003. Waliopigwa ni watu wa Masaka, na kwenye hotuba hawamo.