Ukuta wa Kunyanyua

Mafundi wa kuchonga mfereji kwa mkono wamekuwa wachache Tengeru, na jambo hili linaniuma. Nawazungumzia wale waliotenga sebule na chumba kwa ukuta wa mbao unaoteleza, ambao siku ya kipaimara au msiba hung'olewa wote, nyumba ikawa ukumbi.

Bado yupo mzee mmoja upande wa Ziwa Duluti. Hatumii reli ya chuma wala beringi. Kazi yake yote iko kwenye mifereji miwili. Wa chini una kina kidogo, wa kuzuia tu ubao usiyumbe. Wa juu, kwenye boriti, una kina kirefu zaidi. Unanyanyua kipande, kichwa chake kinazama juu, mguu unatoka chini, unakivuta kwako. Hakuna bisibisi. Wajapani hutoa milango yao ya fusuma kwa njia hiyohiyo, tangu karne nyingi zilizopita.

Nilimtazama akiumalizia mfereji wa juu. Patasi, kisha msasa, kisha kidole gumba kinapita polepole toka mwanzo hadi mwisho. Kidole kikisita, anarudia. Mwisho alichukua kipande cha mshumaa akausugua mfereji mzima, halafu akasukuma ubao kwa kidole kimoja, nao ukaenda bila kelele.

Pembeni aliacha uwazi mdogo ambao mteja aliudhani ni kasoro. "Hapo ni pa masika, mwanangu," alimwambia. Ubao hunywa unyevu ukatanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Asiyeuachia nafasi, ifikapo Aprili ukuta wake umekwama.

Kwa hiyo hagusi mbao mbichi. Mgrevilea wake, mti uleule unaotia kivuli mibuni ya Meru, hupangwa chini ya paa, vijiti katikati ya mbao ili hewa ipite, hadi utulie.

Nani leo anasubiri? Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka kazi Jumamosi. Anapewa jipsamu, au mbao zilizopasuliwa juzi. Msiba ukiingia, wazee wanakaa nje kwenye turubai la kukodi, mvua ikiwapiga miguuni, na ndani sebule imekatwa vipande viwili visivyofunguka. Vijana waliopita mikononi mwa mzee yule wamehamia kwenye alumini. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Nawalaumu wenye nyumba, sisi tunaolipia haraka na kukataa kulipia utulivu wa ubao.