Bakteria kwenye jeli: tusiwape sifa zisizo zao

Ukisoma kuhusu seli zilizonaswa kwenye jeli, hukawii kukutana na kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani. Mwaka 1973, timu ya Ichiro Chibata ilianza kutengeneza asidi aspatiki kiwandani kwa kutumia Escherichia coli walionaswa ndani ya poliakrilamaidi. Unamimina asidi fumariki na amonia kwenye mnara uliojaa jeli, upande wa pili inatoka asidi amino. Bakteria hawaondoki na bidhaa, kwa hiyo huna haja ya kuwakuza upya kila mara.

Kazi nzuri, sibishi. Ninachopinga ni inavyosimuliwa: eti bakteria ni vibarua wanaochapa kazi usiku na mchana. Hebu ngoja kwanza. Chibata na wenzake waliona kwamba jeli ikikaa siku moja au mbili kwenye nyuzijoto 37, kasi inapanda karibu mara 10. Kwa nini? Seli zilikuwa zinajimeng'enya zenyewe, utando unavuja, malighafi inapita kirahisi. Yaani aliyekuwa kazini ni kimeng'enya kimoja tu, aspatezi, kilichobaki ndani ya seli zilizochakaa.

Hilo si suala la maneno tu. Aspatezi inafanya hatua moja, bila sukari wala oksijeni. Lisini na glutameti zinadai hatua nyingi na bakteria walio hai kweli. Ndiyo maana mpaka leo viwanda vinazipata kwa kuchachusha Corynebacterium glutamicum kwenye matangi makubwa. Ukiambiwa jeli itayafuta matangi hayo, uliza: ni hatua ngapi?

Na malighafi je? Asidi fumariki ya viwandani kwa kawaida chanzo chake ni mafuta ya petroli. Usiite teknolojia hii rafiki wa mazingira kabla hujaangalia hapo.

Sifa wanayostahili ni nyingine. Mwaka 1978 Tanabe walihamia karajinani, jeli itokanayo na mwani. Baada ya kuigumisha kwa kemikali, muda wa nguvu kupungua nusu ulipanda kutoka siku 120 hivi hadi zaidi ya 600. Karajinani hiyo hutoka kwenye mwani wa Kappaphycus, ambao Zanzibar unalimwa na kuuzwa nje ukiwa mkavu.

Kwa hiyo wewe unayeandaa andiko la mradi, anza kwa kuhesabu hatua. Zikiwa nyingi, tafuta tangi. Ikiwa ni moja, jeli yako inaota baharini kwetu.