Nicholas Kipkirui na Elimu ya Mshambuliaji wa Nyanda za Chai

Mtu akitajiwa Kericho na Bomet, aghalabu fikra zake huenda kwanza kwenye majani ya chai, kisha kwenye mbio za miguu. Wala hana makosa, kwani Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kutwaa nishani ya Olimpiki, aliyepata shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964 na fedha ya mbio hizo hizo mjini Mexico mwaka 1968, alikuwa mwana wa Kericho, na tangu zama zake vijana wa nyanda hizi wamezoea kupimwa kwa pumzi na miguu yao. Kwa sababu hiyo, alipotokea katika mji huo mshambuliaji wa kandanda, Nicholas Kipkirui wa timu ya Zoo, naye akasajiliwa na Gor Mahia kuelekea msimu wa 2018/19, ilikuwa rahisi kutosheka na kauli kwamba kijana ana mbio, mambo yakaishia hapo. Nami naona kauli hiyo inamdhulumu, na inawadhulumu zaidi wadogo zake wanaomfuata, maadam inawafundisha kutegemea jambo ambalo kwa mshambuliaji si shina la kazi bali ni tawi lake tu.

Tutazame kwanza mahali alipojulikana. Zoo ilipanda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017, ligi hiyo ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, pamoja na Kariobangi Sharks, Nzoia na Nakumatt. Ikacheza kwao katika uwanja wa Green mjini Kericho, bila hazina kama ile ya Tusker au ya Sony Sugar, na hata hivyo mwaka ule ule wa kwanza kiungo wake Michael Madoya akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Timu iliyopanda daraja juzi, inayokabili wakubwa kila wiki, hailaumiwi ikikaa nyuma na kujikinga. Lakini anayelipa gharama ya hekima hiyo ni mshambuliaji wa mbele, ambaye huachwa peke yake, wenzake wakiwa mbali nyuma yake, na mabeki wawili wenye vifua wakimlinda kama mali ya mtu. Katika dakika 90 huenda akaletewa mipira michache mno inayofaa, na mingi ya hiyo ni ile ya juu, iliyopigwa na beki aliyebanwa ambaye nia yake ilikuwa kuondoa hatari wala si kutoa pasi.

Hapo ndipo elimu inapoanzia, nayo haianzii golini. Kazi ya kwanza ya mshambuliaji aliye katika hali hiyo ni kuutuliza mpira mbovu, kumpa beki mgongo kabla mpira haujashuka, na kuchuma kutoka kwake kitu chochote kile: mpira wa kurusha, faulo, au sekunde chache za wenzake kupanda. Asiyejua hayo atakimbia mchana kutwa asiguse mpira. Kazi ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu ni ya moyo, yaani kubaki macho na tayari kwa muda wa nusu saa usiokuwa na jambo, ili ile nafasi moja itakapokuja isimkute ameinamisha kichwa. Mshambuliaji wa timu kubwa akikosa bao hupata jingine la kujaribu baada ya punde. Wa timu ndogo akikosa, pengine amekosa hadi wiki ijayo. Yakini shule ya namna hii ni kali, lakini anayehitimu hapo hutoka na utulivu mbele ya kipa ambao haufundishwi kwa maneno.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Mji wa Kericho umekaa kwenye kimo cha takriban mita 2,000 juu ya bahari, na mvua yake, ambayo mara nyingi hunyesha alasiri na pengine huja na mawe, ndiyo inayoistawisha chai, ila ndiyo hiyo hiyo inayoulowesha uwanja saa ambazo mechi huchezwa. Katika hewa nyepesi ya milimani mpira wa juu husafiri mbali kuliko ulivyo mazoea ya mgeni kutoka Mombasa, na ukitua kwenye nyasi zilizoloa ama huteleza ama hukwama palepale. Mshambuliaji aliyelelewa huko hujifunza kuusoma mpira huo mara mbili, hewani na ardhini. Tazama mguu wake wa kuegemea wakati wa kupiga. Kwenye uwanja mkavu mchezaji huweza kuja kwa hatua ndefu, akauweka mguu ule kando ya mpira, akapiga kwa nguvu zake zote. Kwenye tope, hatua ya mwisho ikiwa ndefu kisigino hutangulia, mguu huteleza, kiwiliwili huanguka nyuma, na mpira huruka juu ya mwamba. Kwa hiyo mwenye maarifa hufupisha hatua mbili za mwisho, akaweka uzito wote juu ya goti lililokunjwa kidogo, akaridhika kuusukuma mpira kwa upande wa ndani wa mguu uende chini pembeni. Bao la namna hiyo halina kishindo, na watazamaji huliita rahisi. Kwa hakika ni hesabu iliyofanywa haraka na mwili uliozoea.

Sasa turudi kwenye mbio, ambazo sizikatai bali nazipanga mahali pake. Mwanariadha hukimbia kwa kuijua njia yake, na mlio wa bastola humwambia lini aondoke. Mshambuliaji hana njia wala bastola, na akiondoka nusu sekunde mapema ameotea, akichelewa nusu sekunde beki ameshageuka. Kasi aliyojaliwa mtoto wa nyanda hizi haimfai kitu mpaka ajifunze kusubiri. Ustadi wenyewe uko katika umbo la mbio zake: badala ya kwenda moja kwa moja kuelekea golini, hali amempa mgongo anayempa pasi, huanza kwa kukimbia sambamba na mstari wa mabeki, mwili ukiwa umefunguka, hata kwa mtupo mmoja wa jicho akamwona kiungo wake na pia bega la beki wa mwisho; kiungo anapouinua uso na kuutenga mguu, hapo ndipo huupinda mwendo kuelekea golini, akitokea upande ambao beki hawezi kumwona ila kwa kugeuza kichwa na kuuacha mpira. Mbio zote hizo hazizidi hatua kumi na tano. Mwenye pumzi za mita 800 hana mahali pa kuzitumia humo, isipokuwa katika fadhila moja adhimu, nayo ni kuweza kuzirudia mbio hizo mara ishirini katika mchezo mmoja, na ile ya ishirini ikawa na makali sawa na ya kwanza.

Alipofika Gor Mahia, mambo yote yakageuka kichwa chini. Hapa palikuwa na mipira tele, lakini palikosekana uwazi; kwani timu inayokwenda kucheza na bingwa wa Kenya hujaza watu mbele ya lango lake, na ile nyika iliyokuwa nyuma ya mabeki, ambayo mshambuliaji wa timu ndogo huitegemea kwa riziki yake, haipo tena. Tena nafasi ya katikati ilikuwa na mwenyewe, Jacques Tuyisenge wa Rwanda. Kipkirui akatumiwa zaidi pembeni, kazi ya winga, na hapo ndipo ninapoiona sehemu yenye mafunzo makubwa kabisa ya safari yake, kwa kuwa wengi wa wafungaji wa mikoani hufia mahali hapo: huambiwa wasogee pembeni, wakaona wameshushwa hadhi, wakawa mawinga wa kupiga krosi tu na kulisahau lango. Anayefahamu huuchukua ule mwendo wake wa zamani akaugeuza upande. Ule upindo aliokuwa akiufanya kutoka katikati sasa huufanya kutoka mstari wa pembeni kuja ndani, wakati macho ya mabeki wa kati yamemezwa na mshambuliaji mkuu, akafika kwenye mlingoti wa mbali bila ya mtu kumwandama.

Tarehe 3 Februari 2019, katika uwanja wa Kasarani, Gor Mahia ya kocha Hassan Oktay iliilaza Zamalek ya Misri mabao 4 kwa 2 katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na Kipkirui alikuwa mmoja wa wafungaji, pamoja na Tuyisenge na Dennis Oliech. Zamalek haikuwa timu ya kubezwa, kwani ndiyo iliyolitwaa kombe lenyewe mwaka huo. Nalifikiri sana jambo la Oliech na Kipkirui kuandikwa katika orodha moja ya wafungaji: mmoja ametimiza miaka 34 siku iliyotangulia, amepita Nantes na Auxerre huko Ufaransa, mwingine ametoka juzi Kericho. Kijana aliyefanya mazoezi kila siku kando ya mtu kama yule alipata fursa ya kuona kwa macho yake lini mkongwe anasimama ilhali wengine wote wanakimbia, na somo hilo halipatikani katika kitabu chochote.

Gor ikatwaa ubingwa wa 2018/19, ikapewa na ule wa 2019/20 ligi ilipokatizwa kwa janga la korona, kisha mwaka 2020 Kipkirui akahamia Nairobi City Stars, timu iliyokuwa imepanda daraja mwaka ule ule. Wako watakaoliona hilo kuwa ni kurudi nyuma. Mimi naona kwamba aliyesoma kwanza katika timu yenye uwazi mwingi na mipira michache, akasoma tena katika timu yenye mipira mingi na uwazi finyu, anapoingia katika timu changa kwa mara ya pili huingia na elimu zote mbili, naye ndiye anayeweza kuwaonyesha wenzake lini wapige mbele na lini wautulize.

Kinachonihuzunisha ni yaliyoikuta shule ya kwanza. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa Zoo katika Ligi Kuu kwa kosa la upangaji wa matokeo, na pigo hilo halikuwaangukia wenye hatia peke yao. Lilimwangukia pia kila kijana wa Litein, wa Kapkatet na wa mashamba makubwa ya chai, ambaye alikuwa na mlango mmoja tu wa ligi kubwa ulio karibu na kwao. Uwanja wa Green ukatengenezwa hata Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2023 ikafanyika hapo, lakini jukwaa jema lisilokuwa na timu ya ligi halimfundishi mshambuliaji lini aupinde mwendo wake.

Mwaka 2025 APS Bomet ilipanda Ligi Kuu, na mlango umefunguka tena upande wa pili wa nyanda hizi. Nawasihi walimu wa michezo wa Silibwet, Sotik na Mogogosiek, wanapomwona kijana mwenye kasi, wasimzungushe uwanja mara kumi kabla ya kumpa mpira, bali wamsimamishe baina ya mabeki wawili na kiungo mmoja, wampigie pasi ile ile ya kupenyeza jioni nzima, wakimwangalia bega na jicho lake, na kila anapoondoka mapema wamrudishe aanze upya.