Kitabu Kinachosema: Faida na Upungufu Wake

Familia zetu zilizohamia Houston, Dallas na Fort Worth zina wajukuu wanaofahamu Kiswahili wakikisikia, lakini hawawezi kusoma herufi za Kiarabu walizoandikia babu zao. Kwao kitabu cha kielektroniki chenye sauti na picha ni neema. Ukurasa mmoja huonyesha hati yenyewe, maneno yake kwa herufi za Kirumi, na humsikilizisha mzee akiisoma. Tangu 2011 muundo wa EPUB 3 umeruhusu pia maandishi yaendayo kutoka kulia kwenda kushoto.

Hata hivyo tunaona upungufu wa namna mbili.

Wa kwanza ni wa elimu. Katika hati nyingi za zamani herufi ya be ilibeba sauti za b, p na mb. Neno moja laweza kuwa bata, pata au mbata. Mwenye kuijua hati huyapima yote. Sauti iliyorekodiwa huchagua moja, kwa lahaja moja, na mtoto hajui kwamba palikuwa na usomaji mwingine. Mhariri mwaminifu atauandika pembeni, na atamtaja aliyesoma na kwao.

Wa pili ni wa umri. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa wino na karatasi. Lakini kazi zilizotegemea Flash zilinyamaza Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Mwaka huohuo Apple iliiondoa iBooks Author, iliyoitoa 2012. Tena maduka mengi humuuzia mnunuzi ruhusa ya kusoma tu, si kitabu cha kurithisha.

Mfano mwema uko Texas kwenyewe. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Houston, hutoa vitabu vya masomo bure kwenye intaneti, na vilevile huvichapisha kwa karatasi. Maktaba za University of North Texas, Denton, kaskazini ya Dallas na Fort Worth, zimefungua hazina ya picha, barua na magazeti kwa kila msomaji tangu 2004.

Rai yetu ni kwamba kitabu kinachosema kiwe mlango wa kuiendea hati, kisishike mahali pake. Kila ukurasa upigwe picha safi, sauti iwekwe pia katika faili lake peke yake, nakala ichapishwe, na hati yenyewe ihifadhiwe. Na wazee wanaoweza kuzisoma hati hizi wanapungua kila mwaka. Wao ndio waanzwe, mapambo ya kitabu yafuate baadaye.