Kutulia na Kufika: Makala ya Maxwell juu ya Magavana

Katika mwaka 1868 James Clerk Maxwell alitoa katika jarida la Royal Society ya London makala mafupi juu ya magavana, yaani vyombo vinavyoshika mwendo wa mtambo usizidi wala usipungue. Makala hayo husifiwa kuwa miongoni mwa chimbuko za elimu ya udhibiti. Sifa hiyo ni haki yake. Ila wengi wamsifuo Maxwell humsifu kwa nusu tu ya kazi yake.

Nusu ijulikanayo ni ile ya kutulia. Maxwell aliona ya kwamba mtambo ukitikiswa, mtikiso huweza kuzidi tu, au kufifia, au kwenda na kurudi kwa mawimbi yakuayo, au kwa mawimbi yapunguayo. Akaonyesha ya kuwa hali hizo zaweza kutambulikana kwa kuuchungua mlinganyo wa mtambo. E. J. Routh aliiendeleza hoja hiyo katika insha yake ya mwaka 1877.

Nusu ya pili hupitwa upesi. Humo Maxwell atenga vyombo vya namna mbili. Cha kwanza, ambacho chaweza kuitwa kipunguzi, huongeza kizuizi kwa kadiri ya kasi; chombo cha mipira miwili cha James Watt ni cha jamii hiyo. Cha pili, kistahilicho hasa jina la gavana, huzidi kuongeza kizuizi muda wote kasi ikiwa juu ya kipimo, na hukipunguza muda wote ikiwa chini. Hakikomi mpaka kasi irudi pale pale.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Chukua mtambo uliowekewa mizunguko 100 kwa dakika, kisha ukaongezewa mzigo. Wenye kipunguzi waweza kutulia kwenye 97, ukabaki hapo siku nzima bila kutikisika. Haukosi utulivu, wakosa usahihi. Wala hapana budi kuwa hivyo, maana kipunguzi hupata nguvu zake katika kosa lenyewe: kosa likiisha, na msaada wake huisha. Chombo cha pili hulimbikiza makosa yaliyopita, kwa hiyo chaweza kuubeba mzigo hata kosa likiwa halipo tena. Lakini kulimbikiza huko hurahisisha kuzuka kwa mawimbi, na ndiyo sababu nusu ya kwanza haiwezi kutengwa na ya pili.

Hapa ndipo makala yanapostahili lawama. Maxwell alitangaza mapema kwamba hataingia katika ufundi wa vyombo, akaitimiza ahadi hiyo kupita kiasi. Msomaji apewa fasili, kisha arushwa kwenye milinganyo, asionyeshwe waziwazi hasara ya mtambo uliotulia mahali pasipo pake.

Mwaka 1948 Norbert Wiener, kwa kuyaheshimu makala hayo, aliiita elimu yake mpya kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Jina lilifaa. Chombo kisukumwacho na mkondo wa ubavuni huweza kwenda kwa njia iliyonyoka, kimetulia kabisa, na bandari kikaikosa. Asomaye Maxwell na aulize maswali yote mawili: mtambo umetulia, na je, umetulia wapi?