Saa ya Kuchaji Katika Joto la Lodwar

Maabara ya Kitaifa ya Idaho nchini Marekani ilichukua Nissan Leaf nne za mwaka 2012 ikaziendesha katika barabara za Phoenix, jimbo la Arizona. Mbili zilichajiwa polepole, mbili kwa chaja ya haraka ya kilowati 50. Njia zilikuwa zile zile, na madereva walibadilishana magari ili uendeshaji wa mtu mmoja usipotoshe kipimo. Baada ya takriban kilomita 80,000, betri za magari yote zilikuwa zimepoteza karibu robo ya uwezo wake. Zilizochajiwa haraka zilipoteza zaidi, ila kwa asilimia chache tu. Matokeo hayo hutajwa mara nyingi kuitetea chaji ya haraka. Mimi naona yanasema jambo zito zaidi: hata magari yaliyochajiwa kwa upole, kama kila mwongozo unavyoagiza, yalizeeka upesi mno. Kilichoyazeesha ni joto. Anayefikiria kununua gari la umeme Lodwar au Kakuma ana haja ya kuanzia hapo, kwa sababu miongozo mingi ya kuchaji imeandikiwa watu wanaoishi kwenye baridi, na mpangilio wake wa lipi ni hatari kubwa na lipi ni dogo haulingani na hali ya Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Phoenix ni maarufu kwa jua lake, na mwezi wa Julai mchana hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Lakini ikifika Desemba, mchana huwa karibu nyuzi 20 na usiku huwa wa baridi, hivyo betri hupata miezi kadhaa ya nafuu. Lodwar haina nafuu hiyo. Mchana ni nyuzi 35 au 36 karibu mwaka mzima, usiku hushuka hadi 24 hivi, na wastani wa mwaka ni kama nyuzi 29, ilhali wa Phoenix ni kama 24. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba mmenyuko mwingi huongezeka kasi takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Kanuni hiyo si sahihi kwa kila seli, na siku kali za Phoenix zina uzito kuliko wastani unavyoonyesha, lakini inatosha kutupa picha. Nairobi ina wastani wa nyuzi 19 hivi. Betri ile ile, ikitunzwa vile vile, ingezeeka Lodwar kwa kasi inayokaribia mara mbili ya Nairobi. Kwa hiyo ushahidi wa teksi za Leaf ambazo kampuni ya Nopia Ride ilianza kuziendesha Nairobi mwaka 2018 ni ushahidi wa Nairobi. Haumwambii mtu wa Turkana gari lake litadumu miaka mingapi.

Ili kujua ni zoea gani lenye madhara, ni lazima tuingie ndani ya seli. Ioni za lithiamu husafiri kati ya pande mbili kupitia kimiminika kiitwacho elektroliti. Upande hasi, ambao kwa kawaida ni grafaiti, elektroliti humenyuka na kujenga utando mwembamba. Utando huo ni kinga, maana bila huo elektroliti ingeendelea kuharibika hadi iishe. Lakini kadiri unavyonenepa ndivyo unavyonasa lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Joto huharakisha unenepaji huo. Chaji ya juu nayo huuchochea: grafaiti iliyojaa lithiamu humenyuka kwa wepesi zaidi, na upande chanya, hasa ule wa nikeli, manganisi na kobalti, ukiwa kwenye volti ya juu huanza kuiharibu elektroliti kwa upande wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi hii yote haihitaji gari litembee. Inaendelea gari likiwa limeegeshwa uani mwa ofisi, limezimwa, mwenyewe yuko kazini. Vitu vitatu vikikutana, yaani joto, chaji iliyojaa na saa nyingi za kusimama, betri huzeeka bila kumpa mtu hata kilomita moja.

Zoea lililo jepesi zaidi kwa mwenye gari ni kuchomeka waya jioni na kuuchomoa asubuhi. Kwa chaja ya nyumbani, betri ambayo ilikuwa nusu hujaa kabla ya usiku wa manane au muda mfupi baadaye. Kisha hukaa imejaa hadi alfajiri, inapelekwa kilomita nne hadi kazini, na inasimama juani mpaka jioni ikiwa bado juu ya asilimia 90. London zoea hilo lina gharama ndogo, kwa kuwa wastani wa joto huko ni nyuzi 11 au 12. Lodwar ndilo zoea baya kuliko yote, na ndilo linaloonekana la uangalifu. Tiba yake haigharimu chochote: kuweka saa ya chaja ili kuchaji kuanze saa nane au saa tisa usiku na kuishe karibu na muda wa kuondoka, na kusimamisha chaji kwenye asilimia 70 au 80 siku za safari fupi za mjini. Leaf za mwanzo zilikuwa na mpangilio wa kusimama kwenye asilimia 80. Nchini Marekani uliondolewa kwenye toleo la 2014 baada ya wapimaji wa serikali kuchukua wastani wa masafa ya asilimia 80 na ya asilimia 100, hivyo gari likaonekana kwenda umbali mfupi kuliko uwezo wake. Kifaa cha kulinda betri kiliondoka kwa ajili ya tarakimu ya tangazo. Asiye nacho anaweza kuhesabu saa mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba asilimia 80 ni anasa ya watu wenye vituo vya chaji kila mtaa. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, na hakuna atakayethubutu kuondoka na betri pungufu. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba kujaza si kosa. Kosa ni kujaza kisha kusimama. Betri inayofika asilimia 100 saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuingia barabarani saa kumi na mbili haikupata muda wa kuumia. Umbali huo huo ndio unaofanya utunzaji uwe wa lazima. Leaf ya kilowati-saa 40, iliyotoka mwaka 2018, ilipimwa Marekani kuwa na masafa ya kilomita 243. Ikiwa mpya, kwa karatasi, inaenda Kakuma na kurudi Lodwar kwa chaji moja. Ikipoteza robo kama zile za Phoenix, inabaki na kilomita 182, nayo safari ya kurudi inaishia njiani, mbali na soketi yoyote. Nairobi robo hiyo hiyo ingekuwa usumbufu tu.

Na chaji ya haraka? Hofu juu yake imetiwa chumvi, ingawa haikuzuka hewani. Mwaka 2023 kampuni ya Recurrent ya Marekani ililinganisha Tesla zaidi ya 12,500, na haikuona tofauti ya maana kati ya zilizochajiwa haraka mara nyingi na zilizochajiwa hivyo kwa nadra. Lakini Tesla hupoza betri kwa kimiminika. Kampuni ya Geotab, iliyochambua takwimu za magari 6,300 mwaka 2020, ilikuta Leaf ya 2015, ambayo haina upoozaji wa aina hiyo, ikipoteza wastani wa asilimia 4.2 kwa mwaka, na Tesla Model S ya mwaka huo huo asilimia 2.3. Nikiziweka takwimu hizi pamoja na za Idaho, naona kwamba kasi ya chaji hudhuru hasa kwa njia ya joto inalozalisha. Joto hilo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezwa mara mbili, joto la kila dakika huwa mara nne, na hata ukihesabu kwamba muda umepungua nusu, jumla bado ni maradufu. Betri ya kilo zaidi ya 200 isiyo na upoozaji huchukua saa nyingi kulitoa, hasa usiku wa nyuzi 24. Kwa hiyo dereva wa Leaf aliyefika Kakuma saa nane mchana na kuunganisha chaja ya haraka papo hapo anarundika joto juu ya joto. Akisubiri chini ya kivuli hadi jioni, chaji ile ile ina madhara madogo zaidi. Madhara mengine ya chaji ya haraka, ya lithiamu kuganda juu ya grafaiti, hutisha zaidi kwenye baridi, na hilo haliwahusu watu wa Turkana.

Wauzaji watasema pia kwamba betri mpya za lithiamu, chuma na fosfeti zimemaliza tatizo hili, na Tesla yenyewe huwaambia wenye betri hizo wazijaze hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki. Ni kweli kwamba zinavumilia zaidi, na kama ningemshauri mnunuzi wa Lodwar ningemwambia atafute hizo. Lakini agizo la kujaza kila wiki linatokana na kipimo: volti ya seli hizo haibadiliki sana katikati ya chaji, hivyo kompyuta ya gari huhitaji kuifikisha mwisho ili ijue imebaki kiasi gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walionyesha mwaka 2024 kwamba hata seli hizi huzeeka upesi zaidi zikitumiwa muda mrefu karibu na kujaa, hasa kwenye joto. Ijazwe kabla ya safari ya wiki, basi, isikae imejaa kila siku.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Kalobeyei, karibu na Kakuma. Ushauri wa kuchaji alfajiri unafaa palipo na umeme wa usiku. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa magari, wakati huo shilingi 16 kwa kilowati-saa na nusu yake usiku, kabla ya kodi, na kwa mwenye mita ya bei hiyo unafuu na ubaridi huja pamoja. Lakini Lodwar kwa miaka mingi imetegemea jenereta za dizeli, wakati umeme wa bwawa la Turkwel, lililo juu ya mto huo huo unaopita mjini, ukienda kusini kwenye gridi ya taifa. Hilo ni jambo ambalo watu wa Turkana wana haki ya kulalamikia. Huko Kalobeyei gridi ndogo za sola, zikiwemo za kampuni ya Renewvia, zina umeme mwingi adhuhuri, saa ambayo nimesema betri ilindwe. Kuuhifadhi umeme huo kwenye betri za kituo ili uchaji gari usiku ni kupoteza sehemu yake njiani na kuchosha betri mbili badala ya moja. Nadhani njia ipo, na inategemea kutofautisha joto la hewa na joto la betri. Betri kubwa iliyolala usiku kucha chini ya makuti ya mkoma, na si chini ya mabati, bado ina joto la usiku saa tatu asubuhi hata kama hewa imeshapanda. Ikichajiwa polepole kuanzia hapo hadi saa sita, na kusimamishwa kwenye asilimia 70, inapata sola ya moja kwa moja bila kufika kilele cha joto ikiwa imejaa. Kilichobaki kinaongezwa asubuhi ya safari.

Kwa pikipiki, ambazo huenda ndizo zitakazotangulia, suala hili ni jepesi zaidi. Mtindo wa kubadilishana betri, unaotumiwa na kampuni za Ampersand na Spiro, humpa mwendesha kituo mamlaka juu ya kila kitu nilichokitaja: kivuli, saa, kiwango. Hata hivyo mtu wa boda hataki betri ya asilimia 80, hivyo kituo huvutika kupanga rafu nzima ya betri zilizojaa zikisubiri wateja. Katika joto la Kakuma ingefaa nyingi zisubiri zikiwa na asilimia 60, zijazwe kwa kufuata msongamano wa asubuhi na jioni, na betri iliyotoka barabarani ipumzike kabla ya kuunganishwa. Hilo linahitaji betri chache za ziada, na gharama yake ilinganishwe na ile ya kununua seti nyingine mapema.

Mnunuzi wa gari kuukuu ana kazi moja ya awali. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza nchini magari yasiyozidi miaka minane, na mengi hutoka Japani. Dashibodi ya Leaf huonyesha afya ya betri kwa vipande 12, lakini kipande cha kwanza hakipotei hadi uwezo upungue kama asilimia 15. Gari lenye vipande vyote linaweza kuwa na asilimia 99 au 86, na kwa macho yanafanana. Programu ya simu ya LeafSpy, pamoja na kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, husoma asilimia yenyewe kwa dakika chache, kabla fedha hazijatoka mkononi Mombasa.