Simu Nzuri Ni Ile Inayofunguka

Katika simu zote nilizomiliki tangu nianze kuishi Gitega, nikipita mara kwa mara njia ya Karuzi kwenda Muyinga, iliyonifundisha kukagua simu ni Nokia 1100. Ilitoka mwaka 2003 na zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wengi wanaikumbuka kwa tochi yake. Mimi naikumbuka ilivyokuwa ikifunguka mezani kwa fundi: kava la nyuma linateleza, la mbele linabanduka bila kisu, zinafuata skrubu zenye kichwa cha nyota, kisha bodi nzima inatoka. Gundi huioni popote. Batani zake ni kipande kimoja cha mpira kinachofunika uso mzima, kwa hiyo vumbi la kiangazi lilikosa pa kupenya. Mpira ukichakaa, unanunua mwingine sokoni na kuuvalisha mwenyewe.

Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha simu na cha fundi pia: ifunguke, irudi, isiache kovu. Anayenunua simu iliyotumika aanzie kwenye skrubu kabla hata ya kuiwasha. Pembe za nyota zikiwa zimelika, aliyetangulia alitumia bisibisi isiyo yake, na mtu aliyekosa subira na skrubu hakuwa nayo alipofika kwenye bodi. Kisha inamisha simu, mwanga uipige ubavuni, upitishe ukucha kwenye mshono wa kava. Ukigusa vijino vya kisu, ujue imefunguliwa kwa nguvu. Skrubu moja ikikosekana, uliza iko wapi. Jibu lenyewe litakuonyesha unaongea na muuzaji wa namna gani.

Kwenye betri usiwe na haraka. BL-5C, ile pana kidogo ya Nokia 1100 na ndugu zake wengi, ndiyo betri iliyoenea kuliko zote huku kwetu, maana inaingia hata kwenye redio ndogo na spika za Kichina. Kwa sababu hiyo ndiyo inayoghushiwa sana. Soma namba iliyoandikwa: BL-5C ya kweli hubeba kama mAh 1000 hivi. Iliyoandikwa 2800 inadanganya, kwa kuwa umeme wa kiasi hicho haukai ndani ya umbo lile. Ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Betri nzima inagoma na kusimama. Iliyovimba inazunguka kwenye tumbo lake. Halafu tazama vile vibati vitatu vya dhahabu. Viwili vya pembeni ni chanya na hasi. Cha katikati ndicho kinachoitambulisha betri kwa simu, na kikishika uchafu, simu hukataa kuchaji ingawa betri haina kosa. Fundi mzuri hukisugua kwanza kwa kifutio cha penseli. Akianza moja kwa moja kukuuzia betri mpya, tafuta meza nyingine.

Jina kubwa nalo lisikulaze. Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, ikakubali kuzibadilisha. Zilikuwa orijino kabisa. Kagua betri iliyo mkononi mwako.

Muyinga ina somo lake, kwa sababu iko karibu na mpaka wa Kobero, na ng'ambo ya pili ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Juni 2016 Tanzania ilizima simu feki kwenye mitandao yake, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2012. Lakini amri ya Tanzania inafunga mitandao ya Tanzania tu. Simu iliyokufa Ngara inaweza kuita vizuri kwa laini ya Burundi, na mnunuzi wa Muyinga asijue lolote. Bonyeza *#06#, usome tarakimu 15 zinazotokea, uzilinganishe na zile zilizo chini ya betri na zile za kwenye boksi. Zikitofautiana, bodi na ganda havikuzaliwa pamoja. Kuna wanaouza hivyo bila nia mbaya, wameunganisha simu mbili mbovu wakapata moja nzima. Hata hivyo waseme, na bei ifuate ukweli huo.

Zilifuata simu za laini mbili, Tecno na itel, zote za Transsion ya Shenzhen. Mwaka 2015 mtandao wa simu wa Lumitel, wa Wavietnamu, ulipoanza kazi Burundi, mfuko wenye laini moja ulikuwa na hasara. Siwezi kuzisifia plastiki zake, ila kwa redio na kukaa na chaji zilitutendea haki sisi wa huku juu. Zijaribu laini zote mbili, si moja: piga kwa ya kwanza, pokea kwa ya pili, mbele ya muuzaji.

Simu hizi na simujanja zilizokuja baadaye ndizo zilizotufikisha kwenye tundu dogo la USB, na hapo ndipo ufundi unapopimika hasa. Tundu nene la mviringo la Nokia lilistahimili watoto. Hili lina miguu mitano myembamba ya umeme na miguu minene ya kushikilia ganda lake kwenye bodi. Fundi mvivu huchomelea ile mitano, simu inachaji, unalipa na kwenda zako. Baada ya muda waya unaling'oa tundu zima pamoja na njia za shaba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ingiza chaja uisukume taratibu juu na chini. Waya ucheze kidogo, tundu lisicheze hata chembe. Omba kuiona bodi kabla haijafungwa: risasi iwe inang'aa, imelala kwenye kila mguu peke yake, na utomvu wa kahawia umesafishwa kwa mswaki na spiriti. Nimemwona kijana mmoja pale Muyinga akirudia mguu mmoja uliokuwa tayari unafanya kazi, kwa sababu risasi yake ilikuwa na rangi ya majivu. Huyo namwachia simu yangu nikaendelee na shughuli zangu.

Kwa kioo kilichobadilishwa, fungua picha nyeupe tupu kisha nyeusi, uitazame kwa pembeni. Nyeupe isiwe na madoa ya njano, nyeusi isiwe ya kijivu. Gundi isivuke fremu wala kuziba tundu la spika ya sikio. Na fundi akikuambia uiache hadi kesho ikiwa imebanwa na mipira, mshukuru. Anayekurudishia papo hapo amekupa kioo kitakachoinuka kona kwenye joto la mfuko.

Mwisho, dai kipande kilichotolewa, kiwe tundu, kioo au betri. Ni mali yako, na pia ndicho kitakachokuonyesha kama kweli kilikuwa kimekufa.